Gari la Mjane wa Mfamasia

Nyumbani, mlimani
3 Februari

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kama si mzima basi walau unabishana na mtu, maana ukibisha najua hujambo. Sisi huku tupo. Mapacha wameanza shule. Siku ya kwanza mmoja alilia na mwingine akamcheka, kesho yake wakabadilishana zamu. Baba yao amepata leseni ya udereva kwa mtihani wa kwanza tu, na tangu siku hiyo hata kiti cha mezani hakivuti bila kutazama nyuma. Mimi bado niko kwenye tanuri la mikate. Alfajiri unga, mchana unga, nikirudi nyumbani watoto wananiandika majina yao mgongoni kwa kidole.

Nimeshika kalamu kwa sababu simu yako imenishinda. Nikipiga unapokea, unasema "mtandao, mtandao," unakata. Ujumbe nao hujibu. Najua, vidole vyako ni vya spana, si vya vibonye. Basi karani wa mizigo pale kwenye mabasi atakupa hii mkononi.

Sasa nije kwenye lililonileta. Hali ya mama unaijua juu juu tu. Figo zote mbili zimechoka kabisa, mjomba. Kila wiki lazima ashuke hospitali akalazwe kwenye mashine ya kusafisha damu, na si mara moja kwa wiki. Gari tunalokodi ni pikapu ya muuza mkaa. Dereva wake ni mtu mwema, anamwekea mama mto, lakini njia yetu unaijua. Mvua ikigusa ardhi tu, pikapu inapanda hatua mbili inashuka tatu. Mama anafika nyumbani amejikunja, hawezi hata kuvua viatu. Daktari ametuambia waziwazi: akikosa mashine mara mbili mfululizo, tusije tukatafuta mchawi.

Baba watoto ameona tangazo. Ni gari dogo la juu, yale ya kupandia milima, magurudumu yote manne yanavuta, rangi ya kijivu. Limetumika, lakini tukijifunga kibwebwe tunaliweza. Na bahati iliyoje, liko mjini kwako! Ni la mjane wa yule mfamasia aliyekuwa na duka karibu na posta.

Mjomba, nenda ukalisikilize. Katika ukoo wetu haijapata kununuliwa hata mashine ya kusaga bila sikio lako. Bado nakuona: sote tumenyamaza, hata kuku wamefukuzwa uani, wewe umeinama, ncha ya bisibisi iko kwenye injini na mpini uko sikioni, umefumba macho. Halafu neno moja. "Chukua," au "Acha." Hapo ndipo mjadala unapokwisha, hata aliyekuwa na hela mkononi anazirudisha mfukoni. Neno hilo ndilo ninalolitaka.

Mama alisema nisikusumbue. Nilipomuuliza kwa nini, akasema ana usingizi. Anakusalimu.

Mpwa wako,
Kiroboto


Gereji, nyuma ya soko
27 Februari

Kiroboto wangu,

Marahaba, marahaba sana mwanangu. Mimi mzima, ila goti la kushoto siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Barua yako ililala kwa karani wa mizigo wiki nzima. Eti aliniita nikapita tu. Yule naye ndevu zimemfunika mdomo wote, mtu atajuaje kama anaita au anatafuna? Nimemwambia akanyoe.

Hongera kwa mwenye leseni. Mwambie mtihani wa kweli ni ule mteremko wenu, si yule ofisa na kalamu yake. Gereji iko shwari. Shwari mno. Yule mwanafunzi wangu wa zamani, tunayemwita Kompyuta, amefungua ya kwake ng'ambo ya barabara. Anachomeka waya kwenye gari, anasoma kioo, anamtajia mteja ugonjwa hata mikono haijachafuka. Wateja wamehamia huko, na mimi sikumzuia mtu. Nimebaki na wazee wenzangu na magari ya wazee wenzangu.

Habari za dada zimenikata maini. Sikujua kama yamefika huko. Na kwa nini nisijue? Mimi si ndugu yake wa tumbo moja? Zamani salamu zake zilijaza ukurasa, mpaka habari za paka wa jirani alikuwa ananiandikia. Sasa "anakusalimu," basi. Neno moja, kavu, halina hata chumvi. Mwambie nimelipokea hivyo hivyo lilivyo.

Gari nimekwenda kuliona. Mjane ni mwanamke mstaarabu, alinikaribisha chai kabla hata sijaketi. Siku hiyo alikuwa na jino linamsumbua, maskini. Kitambaa mdomoni tangu naingia mpaka natoka, na maneno yote yanapitia humo humo ndani ya kitambaa. Gari lenyewe liko bandani, limefunikwa shuka. Tukalifunua. Kijivu kweli, limechubuka mlango wa nyuma, naona liligusa nguzo. Tairi mbili mpya, mbili za kubadilisha kabla mvua hazijakolea. Nililala chali nikatazama kila kitu huko chini. Kutu ipo ila si ya kutisha, fremu imenyooka, shokomzoba za mbele zinavuja kidogo, na hizo ni kazi ya asubuhi moja. Oili niliichovya kidole nikainusa. Imekuwa nyeusi, lakini haijaungua.

Viti safi. Cha mbele kinalala nyuma mpaka chini kabisa, na hapo nikamfikiria dada. Kimo cha kile kiti ni sawasawa na nyonga yake, hatapanda wala hatainama, atakaa tu na kuzungusha miguu. Nililiendesha mpaka kwenye mteremko wa kisima na kurudi. Linavuta, usukani hautikisiki, breki zinashika palepale.

Kwa macho ni gari zuri. Lakini usiwe na pupa. Kaa kwanza, nitakwenda tena.

Mjomba wako,
Fundi


Nyumbani, mlimani
6 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Watoto wana mafua, baba yao ana mafua, mimi sina kwa sababu mwenye tanuri haruhusu. Ahsante kwa kwenda. Ahsante na ile habari ya kiti, mama nilimsomea mara mbili.

Lakini mjomba, mambo huku yamefika shingoni. Jumanne ilinyesha tangu asubuhi. Pikapu ilikwama kwenye ile kona ya mti ulioanguka, ikazama mpaka kwenye mlango. Dereva akachimba, baba watoto akasukuma, mimi nikamshikilia mama mwavuli huku amekaa palepale na mto wake. Ilipofika saa ambayo zamu yake ya mashine imekwisha, aliniambia, "Funga huo mwavuli, mkono utakuuma." Tulimrudisha nyumbani juu ya kiti cha mezani, wanaume wawili mbele na wawili nyuma. Majirani walisimama milangoni wanatazama. Siku iliyofuata miguu ilikuwa imevimba, viatu havikuingia hata vya baba watoto. Tulimshusha kwa kuomba gari la mikate, akakaa katikati ya makreti. Alifika. Safari nyingine sijui.

Sasa nakuuliza kwa adabu. Barua yako nimeisoma mara tatu naitafuta injini. Umenieleza tairi, umenieleza viti, hata jino la mjane nimelijua. Injini inasemaje? Wewe ambaye ulikuwa ukisikia pikipiki inapita barabarani unasema "huyo plagi yake inakufa," umekaa na gari zima umeniletea habari za kitambaa!

Mjane aliniambia kwa simu kuna mtu mwingine analitaka, anakuja na kulizunguka kila siku ya mapumziko. Hatatungoja milele. Nataka neno moja tu, mjomba. Lile lako.

Salamu zako nilizifikisha. Mama aliuliza, "Amesema hivyo? Amelipokea hivyo hivyo?" Nikasema ndiyo. Akageukia ukutani. Mnanichanganya nyie wawili.

Kiroboto


Gereji, nyuma ya soko
24 Machi

Kiroboto,

Marahaba. Poleni kwa mafua. Goti liko vilevile.

Nimechelewa kujibu, na sababu ninayo. Barua yako haikunifurahisha. Tangu lini mpwa akamfundisha mjomba kazi? Sikio halipiti kichwa, mwanangu. Mimi nimefungua injini kabla mama yako hajajua kusuka nywele. Nikisema subiri, ujue nina maana yangu.

Hata hivyo ile habari ya kiti cha mezani ilininyima raha. Nilikuwa nashika spana naiweka chini. Dada yangu anabebwa mbele za watu kama kabati! Nilikwenda tena kwa mjane. Safari hii jino limepona, ila alikuwa na shughuli zake, akawa anaingia na kutoka nyuma yangu. Nilifungua boneti, nikawasha injini, nikaweka bisibisi kama unavyojua, nikafumba macho. Nilikaa hapo muda wa kutosha.

Injini imetulia. Haina neno.

Chukua.

Mpelekeni dada yangu hospitali amekaa kama watu.

Mjomba wako,
Fundi


Nyumbani, mlimani
31 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Leo salamu ni fupi, utanisamehe.

Nilipopata neno lako nilipiga kigelegele jikoni, watoto wakaja mbio wakidhani kuna harusi. Baba watoto akampigia mjane palepale, akasema tunalichukua, akafunga begi aje na basi la asubuhi. Jioni mjane akapiga yeye. Aliuliza, "Samahani mama, mjomba wako amekwambia kuhusu ile sauti?" Nikasema sauti gani? Akasema, "Sauti ya injini. Inagonga. Ilianza kugonga marehemu angali hai, ndiyo maana bei nimeiweka chini. Sitaki mtu anilaani."

Nikamwambia lazima kuna makosa, mjomba wangu ameisikiliza mwenyewe. Akasema alikwambia mara mbili. Mara ya kwanza mlikuwa mnakunywa chai, ukatikisa kichwa ukasema "naam, naam." Mara ya pili ulikuwa umeinama kwenye injini, yeye amesimama nyuma yako, akakwambia, "Hiyo ndiyo sauti yenyewe." Hukujibu. Ulipoinuka ukamshukuru kwa chai. Siku hiyo hakukupa chai, mjomba.

Na akaongeza jambo moja, kwa upole sana, mpaka nikamchukia kwa upole ule. Ulipotoka getini kwake lori lilikuwa linarudi nyuma, linapiga honi, watu wanapiga kelele. Wewe ukawa unatembea tu, mikono umeiweka nyuma. Alikimbia akakuvuta shati. Ukamwambia, "Kwaheri na wewe."

Mjomba, husikii?

Nimekaa na swali hilo tangu juzi, sikujua niliandikeje, nimeliandika hivyo. Kama husikii, si aibu. Watu wanazeeka. Lakini kama husikii, kwa nini uliandika "Chukua"? Mimi ningeipokea "sijui" yako bila kinyongo. Begi lilikuwa limeshafungwa! Mama ndiye angekaa kwenye kile kiti ulichokisifu, na injini ingekata kwenye ile kona, na siku hiyo hata pikapu ya mkaa tungekuwa tumeshaiaga. Ungempandisha dada yako kwenye gari usilolisikia. Nina hasira na wewe, na sijawahi kuwa na hasira na wewe maisha yangu yote, sijui hata naishika wapi.

Nimemwambia mjane asimamishe kwanza. Amekubali kungoja kidogo.

Mama alisikia simu yote, kuta zetu unazijua. Aliniita akaniomba nimsomee tena barua yako ya kwanza, pale penye karani na ndevu zake. Nikasoma. Akasema, "Rudia." Nikarudia. Tangu hapo chakula anakisogeza tu kwenye sahani. Sijui kuna nini kati yenu, na kila ninapouliza napewa mgongo.

Kiroboto


Gereji, nyuma ya soko
18 Aprili

Kiroboto wangu,

Marahaba. Mimi si mzima.

Sisikii. Haya, nimeandika, na nyumba haijaangukia kichwa changu. Lilianza sikio la kulia, miaka kadhaa sasa. Nilidhani ni nta. La kushoto likafuata polepole, likabaki na uvumi tu, kama mtu anayetwanga kijiji cha pili, sasa hata huo uvumi umekwenda. Daktari aliniuliza nimefanya kazi gani. Nikamwonyesha mikono. Akasema basi, nyundo na msumeno wa chuma vimekula masikio yote mawili, na usikivu hautarudi. Nilitoka pale nikapita sokoni nikanunua nyanya, nikarudi kazini. Sikumwambia mtu. Wewe ndiye wa kwanza.

Simu nasema mtandao. Watu nawatazama midomo, nimekuwa hodari, ila ndevu na vitambaa vinanishinda. Mteja akisema nyuma yangu, najifanya nina hasira za kizee. Wanasema fundi siku hizi anaringa. Bora waseme naringa.

Umeniuliza kwa nini niliandika "Chukua." Nimeharibu karatasi nyingi nikijibu hilo swali. Nilishika mpini wa bisibisi, nikafumba macho kama zamani, nikangoja. Kimya. Nikajiambia, injini imetulia. Nilijua nadanganya? Nilijua, mwanangu, nilijua kabisa. Lakini nilikuwa namwona dada juu ya kiti cha mezani, na wewe unataka neno, na neno ndilo pekee lililobaki kwangu. Fundi asiyesikia ni mzee mwenye bisibisi tu. Nilishindwa kuwa mzee mwenye bisibisi mbele yako. Mungu anisamehe, nilitaka unione vilevile kuliko nilivyotaka dada afike salama. Hilo ndilo linaloniamsha.

Barua yako ilipofika nilikaa nayo siku nyingi. Nilifunga mlango wa gereji, nikafungua, nikafunga. Halafu nikavuka barabara. Kwa Kompyuta palikuwa na watu, wateja wangu wote wa zamani wamepanga mstari. Nikasimama katikati nikasema, na naambiwa nilipiga kelele kwa sababu sauti yangu mwenyewe siipimi tena: "Mimi sisikii. Kuna gari la dada yangu. Njoo unisikilizie."

Nilidhani watacheka. Kompyuta alifuta mikono, akaacha gari la mtu limefunguliwa, akanishika mkono tukaenda. Kwa mjane hakutoa ule waya wake. Aliniomba bisibisi. Aliinama nilivyomfundisha, akafumba macho nilivyomfundisha, na mimi nikasimama mbele yake namtazama uso. Nilimwona anakunja paji la uso. Sijapata kuogopa uso wa mtu namna ile.

Akachukua chaki akaniandikia kwenye sakafu ya banda: "Beringi za ndani zimekwisha. Mlima mara chache, halafu inakata." Nikamwomba aandike tena, kwa herufi kubwa. Si kwamba sikuona.

Acha, mwanangu. Acha. Hili si neno langu, ni la Kompyuta, kwa hiyo liamini.

Sikuombi msamaha kwa barua, ni jambo la kuja mwenyewe, na sijui kama ninakaribishwa. Dada akikataa hata kunitazama ana haki yake. Ila mwombe aniandikie kwa mkono wake mara moja, hata matusi. Tangu mwaka juzi amenikatia salamu, na mimi sijui nilimkosea wapi. Nilikuwa sijampandisha bado kwenye gari lolote.

Mjomba wako


Chumba cha kupanga, mkabala na hospitali
26 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Kama unavyoona hapo juu, tumehama. Gari hatukununua. Mjane tulimwambia ukweli wa beringi, akasema hata yule mnunuzi mwingine atamwambia. Tumepanga chumba kimoja, chini, hakina ngazi, dirisha linatazama geti la hospitali. Mama anavuka barabara ameshika mkono wangu, amefika. Mwenye tanuri amenihamishia zamu ya mchana. Watoto wako mlimani na baba yao, wanakuja Jumamosi. Jana mmoja aliniuliza kama bado mimi ni mama yao wa siku zote. Nikajibu ndiyo, nikaingia chooni nikalia.

Hasira zangu zimeisha, au zimechoka, sijui. Barua yako nilimsomea mama jioni baada ya mashine, wakati ambao huwa hana nguvu hata ya kuzungumza. Nilipofika "Sisikii" alinyoosha mkono akashika karatasi, akataka aone neno lenyewe kwa macho yake. Akaanza kucheka. Alicheka, mjomba, mpaka akakohoa, mpaka jirani akagonga ukuta. Halafu kicheko kikageuka, nikashindwa kumnyamazisha.

Sasa nakuandikia alichoniambia. Mimi nilitaka kukificha. Yeye amekataa, amesema mmefichana vya kutosha.

Siku mliyomzika shangazi yenu, mwaka juzi, ulipokuwa unatoka kwenda kupanda basi, mama alikuita. Ulikuwa umeshafika getini. Alikuita kwa lile jina lako la utotoni. Ukaenda zako. Akakuita tena kwa nguvu, mbele za watu wote waliokuja kuzika, mpaka watu wakageuka. Wewe hukugeuka. Ukapanda basi, likaondoka. Akadhani ni ile nyumba ya babu, kwamba umemkasirikia kwa sababu yeye ndiye aliyeachiwa. Akarudi ndani akaosha vyombo vya matanga, na tangu siku ile hakukuita tena. Alipojaribu simu, ukamkatia.

Nilimuuliza alikuwa anakuita akuambie nini. Akasema wiki ile daktari alikuwa amemwambia figo zimeanza kuharibika. Zilikuwa zimeanza tu. Alimwambia akiwahi dawa na akirudi kupimwa kila mwezi, zinaweza kutunzwa miaka. Mama aliogopa. Hakutaka kutuambia sisi watoto. Alitaka akuambie wewe kwanza, uende naye, kwa sababu yeye anaogopa kwenda hospitali peke yake tangu mlipokuwa wadogo. Ulipopanda basi, aliiweka habari ile moyoni. Hakurudi kwa daktari. Hakutuambia. Tulijua siku alipoanguka jikoni.

Sijui nifanye nini na jambo hili, mjomba. Nimelibeba tangu juzi, nikikanda unga lipo, nikivuka barabara lipo. Sina wa kumlaumu, nimetafuta.

Yeye hakulaumu. Amesema nikuandikie hivyo kwa herufi kubwa, basi: HAKULAUMU. Amesema kitanda cha pili tunaweza kukiazima hapo kwa mwenye nyumba. Amesema uje, ukae mbele yake, karibu na dirisha penye mwanga, umtazame mdomo. Anataka kukuambia ile habari aliyokuitia getini. Anataka kuianza upya, taratibu, kana kwamba ndiyo kwanza ameipata kwa daktari.

Kiroboto wako